Magazini ya Kumi na Tatu

Kuze, Mombasa
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo kisha nikaiweka kalamu chini kidogo, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Najua umeitikia. Goti lako lasemaje? Mama aliniambia kwamba likizo iliyopita ulishuka garini kwa mguu mmoja kama korongo, na ulipoulizwa ukasema ni viatu. Nyanya naye, kile kikohozi cha asubuhi kimepungua? Sisi huku miili yetu haina neno. Mama mdogo ananenepa, na anasema ni joto.

Baba, kabla hujaendelea. Nasikia umeshapewa ile bunduki mpya. Tafadhali kaa chini uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujatoka tena doria. Usiikunje ukaiweka mfukoni uisome jioni. Mimi nimefanya jambo baya, na jambo lenyewe limekuja huko kwako.

Ningepiga simu, lakini huko kambini kwenu hakuna mtandao, na redio iko mikononi mwa sajini, na kila neno linalosemwa pale linasikika na kambi nzima. Nilijaribu kujifikiria nikiyasema haya redioni. Unanijua. Hata shuleni nilipokuwa najua jibu nilikuwa naliandika kwenye kiganja na kungoja mwingine alitaje. Basi naandika.

Nilikwambia kwamba tangu nimalize kidato cha nne namsaidia Baba mdogo Athmani kazi yake. Lakini sikukueleza vizuri. Unajua alikuwa fundi wa silaha polisi hadi alipostaafu. Sasa hifadhi za wanyama zikitaka kununua bunduki humwita azijaribu kwanza, aseme ipi nzuri na ipi ya kurudishwa. Bunduki hazilali nyumbani, hulala kituo cha polisi, na tukienda uwanja wa shabaha kule bara, kwenye machimbo ya zamani ya mawe, afande mmoja hutusindikiza. Kinachokuja nyumbani, kwenye karakana yake ya chini, ni magazini na karatasi. Na karatasi ndizo zangu, kwa sababu Baba mdogo ana mtoto wa jicho. Mbali anaona, karibu ni ukungu. Husema mwenyewe, "Shabaha ya mita mia naiona. Kijiko cha chai sikioni." Kwa hiyo yeye hupiga, mimi huandika, kwa Kiswahili na kwa penseli pale pale uwanjani, na nyumbani nanakili kwa Kiingereza kwa wino, kwa ajili ya wakubwa.

Niliposikia safari hii ni bunduki nne za hifadhi yenu, za kikosi chenu cha kufukuza nyati, nilifurahi sana. Nilijiambia, Baba atabeba kitu ambacho nimekiona mimi kikijaribiwa. Sikukwambia. Nilitaka iwe kama zawadi ya siri.

Zilikuja aina mbili tuchague. Zote ni za komeo, zile unazovuta komeo kwa mkono kila unapotaka risasi nyingine ipande, kama hiyo yenu ya zamani. Baba mdogo huzipa majina ili nisichanganye. Ile nzito, yenye mtutu mnene, aliiita Bi Mkubwa. Ile nyepesi akaiita Bi Mdogo. Afande wetu akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Sasa mzee, kati ya hawa wawili utabaki na nani?"

"Bi Mkubwa hakosei," Baba mdogo akajibu, jicho bado kwenye darubini. "Lakini mbebe kutwa nzima vichakani, jioni bega lataka talaka."

"Na Bi Mdogo?"

"Bi Mdogo mwepesi, komeo lake laini kama siagi. Hukosea kidogo. Nani hakosei?"

Na ndivyo ilivyokuwa, Baba. Kwa mita mia moja, risasi tano tano, matundu ya Bi Mkubwa uliweza kuyafunika yote kwa sarafu ya shilingi ishirini. Ya Bi Mdogo yalihitaji kifuniko cha chupa ya maji. Baba mdogo akasema nyati hana haja ya sarafu, kifuniko kinamtosha, na mtu anayekimbia anahitaji wepesi kuliko ufundi. Akamchagua Bi Mdogo.

Risasi pia tulijaribu, maboksi ya rangi tatu. Zile za boksi la kahawia, zilizokaa sana stoo, maganda yake yalipasuka shingoni, tukaziacha. Za kijani asubuhi zilikuwa nzuri kuliko zote, matundu yamekumbatiana, lakini saa sita jua lilipopanda zikaanza kupiga juu na komeo likawa gumu kufunguka. Za nyekundu hazikubadilika, baridi wala joto. Nikaandika: nyekundu. Hizo ndizo mtakazopewa, na hizo usiwe na wasiwasi nazo. Nakwambia kwa sababu nataka ujue kwamba sikufanya kila kitu vibaya.

Kisha magazini. Hicho kijisanduku cha chini kinachobeba risasi tano, chenye springi na kibao kidogo kinachozisukuma juu moja moja. Zilikuja kumi na tatu: tatu kwa kila bunduki, na moja ya ziada. Zote nyeusi, zote sawa, hazina nambari. Kila moja tuliijaza na kuimaliza mara tatu kivulini. Zote zikapita. Kisha Baba mdogo akazipanga juu ya bati, juani, katika vumbi la machimbo, tukala mikate yetu ya mofa, na saa sita unusu akaanza upya.

Kumi na mbili zikapita. Moja, risasi nne zilipanda, ya tano haikupanda. Alivuta komeo, akalisukuma, akabonyeza, ikalia tk. Hakuna kitu. Akaijaza tena. Nne, kisha tk. Akaipeleka kivulini, akaipuliza ikapoa, akaijaza: tano zote.

"Umeiona?" akaniuliza. "Hii yajua adabu mbele za watu. Ubaya wake waungoja jua."

Kuna sharti katika kazi yake ambalo halivunji kamwe. Mali ya mtu haikwaruzwi wala kupigwa rangi kabla haijapokelewa. Ikiwa kitu kina kasoro, hukitia alama ya chaki tu, ili mwenyewe akikataa kirudi kwa muuzaji kikiwa safi kama kilivyokuja. Basi akachukua chaki, akatia msalaba chini ya ile magazini, akazitia zote kumi na tatu kwenye mfuko mmoja wa turubai, na mimi nikaandika: moja mbovu, imetiwa alama.

Siku ya pili yake Bwana Kilonzo, msimamizi wa stoo ya hifadhi yenu, alikuwa anakuja kuchukua vitu. Mama mdogo alikuwa ameamka na ufagio. Ukumbi umepigwa deki, udi umewashwa, mahamri yako jikoni. Wewe unajua nyumba hii mgeni akija. Na mimi nimelelewa na Mama, ambaye hata sufuria ya kuazima huirudisha iking'aa kuliko ilivyokuja. Nikateremka karakanani, nikaufungua ule mfuko, nikaona magazini zimeoga vumbi. Vumbi la machimbo yale ni mawe ya matumbawe yaliyosagika, Baba. Ni jeupe. Jeupe kama chaki.

Sikufikiri. Nilisema moyoni, mgeni atapewaje vitu vichafu hivi. Nikamimina mafuta ya taa kwenye karai, nikazitia zote, nikachukua kitambaa, nikazisugua moja moja nikizipanga juu ya gazeti. Nilikuwa hata nikiimba. Ya mwisho nilipoinyanyua inang'aa, ndipo nilipoukumbuka ule msalaba wa chaki. Nikazigeuza zote kumi na tatu, chini, juu, ubavuni. Safi. Sijawahi kuona vitu safi vikinitisha namna ile.

Nikaanza kuzibonyeza kwa kidole gumba. Zote zilikuwa sawa. Nikazibonyeza tena, na moja nikaiona kama springi yake ni legevu kidogo. Nafikiri niliitaka iwe legevu. Nikaiweka pembeni, nikajiambia, ndiyo hii. Juu nikasikia hodi, na sauti ya Bwana Kilonzo, na Baba mdogo akisema, "Karibu, karibu, pita ndani, kahawa i tayari." Kisha akaniita niende na karatasi.

Nilipanda ngazi nimeshaamua kusema. Wallahi, kama wasemavyo hapa. Lakini nilipoingia ukumbini Bwana Kilonzo alikuwa ameshika ripoti ya juzi.

"Huyu ndiye aliandika? Haki mzee, hii Kiingereza ni ya wakili! Msichana, wewe utakuja tukuajiri."

Na Baba mdogo akanyoosha mkono akanishika begani, macho yake yameelekea dirishani kama kawaida yake. "Huyu? Huyu ndiye macho yangu," akasema. "Mimi napiga tu. Yeye ndiye aonaye."

Baba, Mama mdogo akanitia sinia la haluwa mikononi, nami nikalipokea badala ya kusema. Nilisimama pale nimelishika badala ya kuliweka. Bwana Kilonzo akasema nimeona haya, wakacheka wote wawili. Nikaketi nikaandika cheti: magazini kumi na mbili zimejaribiwa na kupita, moja imeondolewa. Kiingereza cha ripoti kina wema huo mbaya, hakikuulizi ni nani aliyeondoa, wala alijuaje. Baba mdogo akatia sahihi mahali nilipomwekea kidole chake. Gari likaondoka siku hiyo hiyo, Jumatano, na zile kumi na mbili.

Nilibaki na ile moja. Baba mdogo ana risasi za mazoezi, zisizo na baruti, za kufundishia. Siku iliyofuata, saa sita, nikapanda darini tunapoanika nguo, nikaiweka ile magazini juu ya bati mpaka haishikiki, nikaitia vumbi la ukutani, nikaijaza tano, nikazitoa moja moja kwa gumba. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Zote zimepanda. Nikarudia. Kesho yake nikarudia, na siku ya tatu. Binamu yangu mdogo Twalibu akawa anakuja kuniangalia. "Dada Wakio, wachezea nini kila siku?" Nikamwambia najifunza. Akasema, "Wajifunza na walia?"

Ni nzima, Baba. Haina kasoro yoyote. Ile mbovu imekuja huko.

Nilimwambia Baba mdogo jana, alipotoka kusali alasiri. Alikuwa ameketi barazani anaosha miguu. Nilisema yote kwa haraka nikitazama birika. Alizidi kuumiminia mguu ule ule mmoja hata maji yakaisha.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Nami nilikuwa wapi?"

"Ukinywa kahawa na mgeni."

"Si ungenivuta kando? Si ungesema, Baba mdogo, nakuomba chini mara moja?"

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Mwanangu, mimi naona ukungu, na watu wajua naona ukungu. Wewe ndiye uonaye. Ukinyamaza wewe, nyumba nzima ni vipofu." Kisha akasema, "Nipe simu."

Bwana Kilonzo alipokea akiwa na furaha. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu. Baba mdogo akamweleza.

"Sawa mzee. Ni moja tu?"

"Moja."

"Ni gani?"

"Hatuijui. Alama imefutika."

"Na inaharibika aje?"

"Ikipata jua na vumbi. Risasi ya tano haipandi."

Kisha nikamsikia akicheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyechoka. "Sasa mzee, mimi nimwambie mkubwa aje? Kwamba moja ni mbovu, haijulikani ni gani, na kwa ofisi zote ziko sawa? Na cheti umesaini wewe? Hizo vitu nimeshagawa. Kila askari ana bunduki na magazini zake tatu. Kuzirudisha lazima mkubwa asaini, na mkubwa yuko ng'ambo mpaka mwezi uishe."

"Mwambie hata kwa simu."

"Nitajaribu, mzee. Nitajaribu."

Baba mdogo akanitajia maneno ya barua ya kukitangua kile cheti, nikaandika, akagonga mhuri wake, tukaipiga picha tukaituma. Mpaka sasa ninapoandika haijajibiwa. Nimeitazama ile simu zaidi ya nilivyoomba kanisani asubuhi. Baba mdogo alitaka kuja huko mwenyewe, lakini Jumanne ndiyo zamu yake ya kupasuliwa jicho, aliyoingojea mwaka mzima, na Mama mdogo akamwambia, "Utakwenda ukafanye nini porini nawe huoni ulichokishika?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe mwandikie babako. Usimwandikie kama mtoto mzuri, mwandikie kweli."

Nimekaa nikahesabu. Magazini kumi na mbili, askari wanne. Kwamba mbovu iko katika zako tatu, ni robo. Darasani robo lilikuwa jambo dogo. Na hizo robo tatu nyingine ni za wenzako, ambao nao wana watoto, kwa hiyo siwezi hata kuomba isiwe kwako bila kuiombea iwe kwa mwingine. Nilijaribu kuomba, nikaishia hapo.

Jambo unaloweza kufanya ni hili. Usiiweke magazini kwenye bunduki. Itoe, iache tupu juu ya bati juani saa sita mpaka ikuunguze mkono, na iwe na vumbi. Ikiwa bado ya moto, ijaze tano, kisha zisukume nje kwa gumba moja moja, mdomo wa magazini ukiuelekeza chini. Hakuna haja ya kupiga risasi hata moja, kwa hiyo sajini hatakuwa na upungufu wa kueleza. Fanya mara tatu kwa kila moja. Ukiijaribu kivulini itakudanganya. Na waambie wale wengine watatu wafanye vivyo hivyo. Wakikuuliza umejuaje, sema ni mwanao aliyekosea. Usinifiche, Baba. Najua utataka kunificha.

Barua hii kesho alfajiri naipeleka mwenyewe kituo cha mabasi, nimpe dereva wa Voi mkononi, na nitamwambia kwa sauti kwamba ni ya haraka, hata watu wakigeuka. Kutoka Voi hadi getini kwenu sijui itachukua siku ngapi. Hapo ndipo akili yangu inaposimama. Labda ukiisoma nyati ameshapita shambani kwa watu na mmeshaitwa.

Mama nisalimie, lakini haya usimwambie mpaka umeshaijaribu. Kaka Mwadime mwambie vitabu vyake nimevipata, vitakuja na mtu. Nyanya, aliyenifundisha kusugua sufuria kwa majivu, umpe salamu na umwambie namkumbuka. Yeye hana kosa. Mjomba wa dukani, yule anayekupokelea barua zako getini, umshukuru mapema. Mama mdogo na Baba mdogo wanakusalimu sana. Baba mdogo amesema nikuandikie kwamba kosa ni lake pia, kwa kuwa alitia sahihi. Nimekuandikia kama alivyosema. Mimi najua la nani.

Sijakuomba msamaha kwa sababu sijui kama ni wakati wake. Nijibu kwanza kwamba umeijaribu. Kunisamehe au kutonisamehe kutafuata.

Na mpaka siku utakayoijaribu, ukiwa njiani, hata ukiwa umeijaza kwa mkono wako mwenyewe ukaziona tano kwa macho yako, usiseme una tano. Una nne, Baba. Nyati akikujia, piga kama mtu mwenye nne, na ya nne ikiondoka uwe umeshaujua mti utakaoukimbilia, pamoja na hilo goti.

Mwanao,
Wakio